Mtu wa Kulia Kwangu

Haya sikuhadithiwa na mtu, na wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe, na usiniletee maneno ya usiku wa manane na mtu katoka kilabuni. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, jua limeshapanda, niko kazini, nimenywa chai yangu na viazi viwili. Watu kumi na watatu niliokuwa nao siku hiyo wapo mpaka leo. Ukitaka kuwauliza kama nilikuwa na akili zangu, waulize.

Mimi ni mwongozaji. Nakaa Kigera, hapa Musoma, lakini kazi yangu iko upande wa Bunda, kwenye kilima kimoja cha mawe ambacho vijiji vya pale vilikubaliana kukiacha kiwe hifadhi yao. Jina la kilima silitaji, wenyewe wanalijua. Katikati ya wiki natembeza wageni, nawaonyesha ndege, pimbi na miti ya dawa, wanapiga picha zao wanaondoka. Jumamosi ni siku ya kujitolea. Wanakuja walimu, wanachuo, wenye maduka, mtu yeyote mwenye miguu na kofia, na tunakwenda kutegua mitego ya nyaya.

Kama hujawahi kuuona mtego wa waya, ngoja nikuambie. Mwindaji anachukua waya, mara nyingi ule wa ndani ya tairi lililochomwa, anafunga kitanzi, ananing'iniza kwenye kichaka pale wanyama wanapopita. Swala akija, shingo imeingia, amekwisha. Waya wenyewe ni mwembamba, una rangi ya nyasi kavu, unaweza ukapita pembeni yake usiuone. Kwa hiyo tunatanda mstari mmoja, kila mtu na mwenzake hatua kama kumi, tunasonga mbele pamoja polepole. Na sheria yangu ni moja: macho chini. Ongea, cheka, imba kwaya ukitaka, lakini usiinue macho kumtazama jirani yako, maana ukiinua tu, waya umeshauruka. Mwongozaji anashika mwisho wa mstari upande wa kulia. Kulia kwake hapana mtu. Hilo lishike, tafadhali.

Sasa kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima nikuambie habari ya mdogo wangu Magesa. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwa hiyo univumilie.

Magesa ndiye mtoto pekee wa kiume kwa mama. Alikuwaga mvuvi, na mikono yake ilizijua nyavu kuliko ilivyojua kijiko. Ziwa lilipobana, unatoka na mtumbwi usiku kucha unarudi na sato wawili wa kutia huruma, akaanza kupanda kile kilima kutega. Wakati huo hakikuwa hifadhi bado. Hakumtangazia mtu, ila mkewe Nyangeta alijua, na sisi wengine tulikuwa tunakula ile nyama bila kuuliza imetoka wapi. Basi Jumanne moja akaondoka alfajiri, na hakurudi. Nyangeta alikuwa na mimba ya miezi minane.

Alhamisi baba mdogo akaita kikao nyumbani kwa mama, kijijini kwetu ziwani, jirani na kile kilima. Nyangeta akasimama na tumbo lake, mbele ya wakwe wote, akasema wazi kitu ambacho mwanamke kwa kawaida angekificha. "Ameenda kwenye mitego. Amevaa mabuti ya mvua. Viatu vyake vya safari hivi hapa." Akaviweka chini katikati yetu. Nje vijana wa ukoo walikuwa wameshakusanyika na mapanga, wanasubiri neno tu wapande kilimani kumtafuta.

Neno nikalitoa mimi.

Unajua, wakati ule nilikuwaga nauza dagaa Mwigobero, na ile Jumatano nilikuwa Kisorya nimefuata mzigo. Nikaona mwanaume kavaa koti la bluu kama la Magesa, anatembea kama Magesa, bega moja limeshuka, yuko na mwanamke kabeba begi, wanaingia kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Nikaita. Injini inanguruma, watu wanasukumana, hakugeuka. Nilichoona ni mgongo, basi. Lakini nilipoona pale kikaoni Nyangeta anasikilizwa kwa sababu ya vile viatu, nikasema, "Mnahangaika bure nyie. Magesa nimemwona jana Kisorya, kavuka na mwanamke."

Baba mdogo akanigeukia. "Una hakika? Ulimwona uso?"

Watu wote wananitazama mimi. Na mimi, kwa jinsi Mungu alivyoniumba, kurudisha neno nyuma sijui. Nikajibu, "Uso kabisa. Alinitazama, halafu akageuza kichwa kama hanijui."

Jamani, hakunitazama mtu. Hilo la kunitazama nililiongeza mwenyewe, pale pale, ili nisionekane mropokaji. Neno dogo tu. Vijana wakatawanyika, mama akaingia chumbani kwake, Nyangeta akainama akaokota vile viatu, akaenda kuviweka alikovitoa.

Alijifungua mtoto wa kike. Haikupita miezi mingi maneno ya watu yakamzidi, ati mwanaume hamkimbii mke mwenye mimba bila sababu, ana kasoro gani huyu. Akambeba mtoto wake akarudi kwao Butiama. Mimi ndiye niliyemsindikiza stendi na begi lake, na nikajiona nimetenda wema.

Mama yeye hakulia wala hakulalamika. Ila tangu wakati huo mlango wake wa mbele hautii komeo. Anauegesha kwa kigoda, na usiku upepo wa ziwa unaingia mpaka magoti yanamvimba. Ukimwambia afunge, anasema komeo limeharibika. Komeo ni zima. Hilo tulikuwa tunalijua mimi na yeye, na sikuwahi kumwambia mtu mwingine.

Ikapita miaka minne. Dagaa nikaacha, nikapata mafunzo ya uongozaji, nikaanza kulipwa kutembea juu ya kile kile kilima. Magesa nilikuwa nimeshamfuta. Mtu akilitaja jina lake mbele yangu, nilikuwa nasusa chakula.

Jumamosi hiyo tulikwenda upande wa nyuma wa kilima, kwenye mawe makubwa na miiba, ambako tulikuwa hatujawahi kufika. Kushoto kwangu alikuwepo Bi Zuhura, fundi cherehani wa sokoni, mama wa watu ambaye hakosi hata Jumamosi moja na kila mara anakuja na khanga ya ziada kiunoni. Tulishatembea kama nusu saa hivi, macho chini, nikasikia sauti ya mwanaume kulia kwangu.

"Dada, hapo mbele yako. Usawa wa goti."

Nikapeleka mkono taratibu, kweli, waya. Wa zamani, umeshika kutu mpaka unamomonyoka. Nikaukata, nikautia kwenye gunia, nikasema asante. Nilifikiria nini? Nilifikiria ni mgambo wa kijiji. Wale wanapendaga kuchelewa, wanakuja kwa njia zao na kujiunga mahali popote. Nikasema moyoni, tukimaliza nitamsema. Lakini macho sikuinua. Sheria niliiweka mimi, ningeivunjaje mbele ya watu?

"Na hapo kwenye mwiba. Na nyingine nyuma yake."

Akanionyesha waya mmoja baada ya mwingine, mpaka nikapoteza hesabu. Zote za zamani, zote zimefungwa fundo moja, lile la kuungia nyavu. Hata hilo halikunishtua, maana pwani yote ya ziwa huku watu wanafunga hivyo.

"Wewe ndugu unazijuaje zote hizi?" nikamuuliza.

"Nilizitega mwenyewe."

Nikacheka. Nusu ya walinzi wetu walikuwa majangili, wakaacha, ndiyo maana wanajua kazi. Nikamwambia, "Basi hongera, umeokoka."

Nilikuwa namsikia anavyotembea. Hatua moja inakanyaga, ya pili inaburuzika kwenye majani. Nikampa pole ya mguu. Akasema, "Nimeshauzoea." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyekaukiwa koo, na ningempa maji kama chupa yangu isingekuwa imebaki kambini pamoja na mizigo.

Tukaendelea. Akaniuliza kama kawaida ya watu wanapotembea pamoja. Kwenu wazima? Wazima. Mama yupo? Yupo, anazeeka tu. Na wengine? Basi si ndiyo kuniwasha. Nikamwambia mimi nina mdogo wangu mmoja wa kiume, mjinga mmoja, alimtelekeza mke mjamzito akavuka Ukerewe na malaya. Ndiyo, neno hilo nililisema. Nikamwambia kwetu ni kama hakuzaliwa.

Ule mguu ukaburuzika, ukaburuzika. Halafu akasema polepole, "Nani alimwona?"

"Mimi."

"Ulimwona uso?"

Miaka minne, na swali ni lile lile. Unajua nilimjibu nini? Mtu nisiyemjua, porini, hana cha kunifanya. Ningeweza kumwambia ukweli nikautua ule mzigo, na asingejua hata mtu mmoja. Nikasema, "Nilimwona uso kabisa."

Hapo hatua zake zikasimama. Akasema, na naapa hakuwa na hasira hata kidogo, alisema kama mtu aliyechoka anayeaga, "Haya dada. Mwambie mama afunge komeo. Baridi inamuumiza."

Nikainua macho.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majabali mawili makubwa yameegemeana, na nyasi zilizosimama wima, hakuna hata moja iliyokanyagwa. Nikaita, "Ndugu! Ndugu, simama!" Bi Zuhura akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamuuliza mgambo kaenda wapi. Akanitazama. "Mgambo gani? Mimi nakusikia muda wote unaongea peke yako, nikajua uko kwenye simu, una vile vidude vya masikioni." Simu yangu ilikuwa kwenye begi, na begi liko kambini.

Miguu ilinipeleka yenyewe kwenye yale mawe. Kati ya majabali kuna ufa, mtu mzima anaingia wima, na chini yake kuna giza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni buti la mvua. Lilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli kisiginoni. Kile kiraka nilikuwepo kikibandikwa, mimi ndiye niliyeshika taa.

Sitakuelezea yote. Alitumbukia pale akavunjika mguu, hilo hata mtoto angeliona. Kilichoniua mimi ni kingine. Mfupa wa mguu ulikuwa umefungwa. Vijiti viwili, kitambaa cha shati, na juu yake waya uliozungushwa vizuri na kufungwa kwa fundo lake la nyavu. Mtu anayekufa papo hapo hafungi mguu wake. Magesa alikuwa na muda. Alikuwa anangoja waje.

Nilikaa chini nikapiga ukelele ambao sijui uliishia wapi. Bi Zuhura alifungua khanga yake kiunoni, akashuka mwenyewe kwenye ule ufa na umri wake, akamfunika mdogo wangu, mtu asiyemjua wala si wa dini yake, huku akisoma dua kwa sauti ndogo.

Polisi walikuja, wakafanya yao, hospitali nayo ikafanya yake, mwisho tukapewa tukazike. Kabla ya mazishi nilimweleza mama yote: sauti, mguu, komeo, na lile neno nililoliongeza kikaoni. Nilitegemea anipige, na nilitaka anipige. Aliuliza kitu kimoja tu. "Alikaa humo siku ngapi?" Nikasema sijui, mama. Akasema, "Nenda Butiama ukamwambie mwenye mume. Usimtume mtu. Kaseme kwa mdomo wako huo huo."

Nikaenda. Nikamkuta Nyangeta anaanika udaga juu ya jiwe, habari za kupatikana mifupa zimeshamfikia. Nikapiga magoti pale pale kwenye unga wa muhogo. Nikamwambia, wifi, siku ile sikumwona uso. Niliona mgongo wa mtu. Nilidanganya.

Aliendelea kugeuza udaga wake, kipande kimoja kimoja. Nikafikiri hajanisikia, nikataka kurudia. Akasema, "Ile Ijumaa nilikwenda."

"Kwenda wapi, wifi?"

"Kilimani. Siku moja baada ya kikao chenu. Niliwaambia naenda kisimani. Nikazunguka mpaka nyuma, na tumbo langu, jua linaelekea kuzama. Nikamwita mara tatu. Nikaitikiwa."

Nikainua uso kumtazama.

"Ni sauti yake, inatoka kwenye mawe. Ikaniita kwa jina langu. Ikasema, Nyangeta, niko huku." Hapo mikono yake ikasimama. "Nikasema, wifi amemwona kwa macho, wametazamana uso kwa uso, amevuka. Sasa huyu anayeniita kwa sauti ya mume wangu ni nani? Si unajua tulivyofundishwa? Porini ukiitwa na usiyemwona, huitiki, huendi, unaondoka bila kugeuka. Nikajua ni shetani anataka mtoto wangu. Nikakimbia, wifi. Anaita, na mimi nakimbia. Nilimkimbia mume wangu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata machozi yangu niliyaona ya kijinga. Alininyanyua, akanipa maji, akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni. Kusema amenisamehe, hajasema. Na mimi sijamuomba tena, maana namuombaje? Kuna jioni ananipigia simu. Napokea, hasemi kitu, namsikia tu anapumua. Mimi sikati. Tunakaa hivyo mpaka salio lake linakwisha.

Kazi bado naifanya. Wenzangu walisema niache, nikakataa. Ila mwisho wa mstari sishiki tena, nakaa katikati, na kila Jumamosi kabla hatujaanza nawapanga watu watazamane usoni mmoja mmoja. Wageni wanaona ni mchezo, wanacheka, nawaacha wacheke. Mtu wa kulia kwangu hajarudi. Nimekwenda pale kwenye mawe mara nyingi, nimemwambia ukweli kwa sauti kubwa, hakuna aliyeitika.

Amini usiamini, hiyo ni juu yako. Lakini siku watakapokuuliza habari za mtu aliyepotea, sema ulichokiona halafu unyamaze. Kama ni mgongo, sema mgongo. Na kama vijana wameshasimama nje na mapanga yao, waache waende wakamtafute. Wakirudi mikono mitupu watakucheka, utachekwa siku mbili tatu, yaishe. Mimi siku ile hakuna aliyenicheka.